Buibui wa Miguu Minne

Kwetu kila ukoo una alama yake ya kuchoma mifugo, na ukiiona unajua mnyama ni wa nani hata ukimkuta mbali huko Sericho amepotea peke yake. Baba yangu aliikataa ya ukoo wetu. Aliporudi kutoka vita vya Burma alianza kuwachoma ngamia wake alama ya buibui. Buibui, jamani! Tena wa miguu minne. Wazee wakamkemea, mama akamcheka, lakini wapi. Alikuwa na kichwa kigumu, na nasema hivyo nikijua nimekirithi.

Buibui huyo alikuwa beji ya divisheni ya askari wa Afrika ya Magharibi. Baba alikuwa katika kikosi kidogo cha upelelezi kutoka huku kwetu, kilichoazimwa na divisheni hiyo, na historia yake tulilishwa nyumbani pamoja na maziwa. Watu wa Naijeria, Gold Coast, Sierra Leone na Gambia, wametupwa kwenye bonde lisilo na barabara, hakuna lori, hakuna nyumbu wa kubeba mizigo. Mizigo yote kichwani. Risasi kichwani, mchele kichwani, majeruhi kichwani. Beji ilishonwa juu ya mkono, buibui akiangalia chini, ili ukinyoosha bunduki aonekane anakimbia mbele yako. Haki ya Mungu nilikuwa nimeichoka historia hiyo. Ikianza tu, nilikumbuka kuni za kwenda kuokota.

Mwaka niliomaliza kusomea ualimu, katika miaka ya sabini, askari wa doria walizuia ngamia wetu saba karibu na mji wa Isiolo. Wizi wa mifugo ulikuwa umezidi, na alama ya buibui haikuwa ya ukoo wowote. Hao saba ndio walikuwa mali yetu yote. Ofisa, mgeni aliyehamishiwa kwetu juzi tu, akasema mzee athibitishe ni wake, la sivyo wanachukuliwa.

Baba alijua Kiswahili cha jeshini vizuri sana. Akakataa kukitumia.

"Hicho ni cha kufokewa," akaniambia kwa Kiborana. "Hii nitaieleza kwa lugha yangu. Utafsiri wewe, intala." Ndivyo alivyoniita, msichana wake.

Akajiweka vizuri kwenye benchi, akaanza na meli. Meli! Ofisa anaangalia saa, ngamia wanalia nyuma ya seng'enge, na mzee anaeleza jinsi ya kufunga mianzi ili kuvusha mizigo mtoni. Nilitamani kulia kwa hasira.

"Abba, fupisha."

Hakufupisha. Akafika pale alipopigwa risasi ya paja, na Wahausa wanne wakamlaza kwenye machela, wakaiinua vichwani, wakatembea naye siku tatu kwenye mvua. Hawakuwa na neno la pamoja isipokuwa salaam aleikum. Akainua vidole vinne, kama miguu ya buibui wake, akaanza kuwataja kwa majina, mmoja mmoja.

"Anasema nini?" ofisa akauliza.

"Anasema ni alama ya jeshi," nikajibu. Basi. Historia nzima ya divisheni, maneno manne.

"Ya jeshi? Kumbe ni mali ya serikali!"

Baba alikuwa amesikia kila kitu. Akasimama wima, mikono ubavuni, akapaza sauti kwa kile Kiswahili alichokikataa: "Hapana mali ya serikali, effendi! Mali yangu mimi!" Askari wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nilijiletea mwenyewe.

Walichukuliwa wote saba; miezi baadaye tulirudishiwa wawili, wamekonda. Ndama aliyezaliwa baadaye alichomwa alama ya ukoo, na baba hakutaja tena vita wala buibui.

Miaka ya themanini wanafunzi wangu waliniuliza kama kuna mtu wa Isiolo aliyepigana vita vile. Nikaenda kwa baba na daftari jipya na kalamu. Nikamuuliza wale watu wanne waliitwa nani.

Akasema: "Si nilisema siku ile? Wewe ndiye ulikuwa na haraka."

Nilimbembeleza, nikaomba msamaha, nikamletea mpaka miraa. Wapi! Akafa hivyo hivyo.

Daftari ninalo bado. Ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeshaandika moja, mbili, tatu, nne, na mbele yake hakuna jina.