Komanda Zuhura Afa Mara Tisa

Bi Ashatu wa Dunda ameosha maiti wa kike kwa miaka thelathini na moja, na kama unadhani kazi hiyo humfanya mtu mpole, basi hujamjua. Ana mdomo huyo! Walio hai huwasema mpaka wakakoma. Waliokufa tu ndio huwatunzia siri zao. "Wale hawawezi kujitetea," husema. "Wewe unaweza, kwa hiyo kaa nikuseme." Na wanaosita kumpa mkono huwakumbusha kwamba mwosha huoshwa, wasijidai.

Sasa mjukuu wake Ummy, ambaye amemlea tangu ana miaka kumi, akaandika riwaya. Si ya mapenzi, hata! Alichukua gemu ya kwenye simu, ile ya vita vya sayari, shujaa wake akamgeuza mwanamke, akamwita Komanda Zuhura na kumwandikia sura tisa, kurasa mia mbili. Mchapishaji mmoja wa Dar, dada aitwaye Vicky, akamwambia, "Nitakuja niwasikie wasomaji wenyewe. Wakiipenda, nachapa." Ummy akatoa fotokopi kumi, akazigawa mtaani. Moja aliichukua bibi yake mezani bila kuomba.

"Bibi, siku hiyo njoo, ukae, ule keki," Ummy alimwambia. "Ila usiseme. Nakuomba, hii ndiyo bahati yangu."

"Nisiseme nini?"

"Chochote."

Jumamosi wakakutana kwenye ukumbi wa shule. Bi Ashatu alikaa mstari wa mbele, midomo kaibana. Mikdad, fundi simu ambaye gemu hiyo kaimaliza mara nne, alilalamika kwamba ile bunduki kubwa haipatikani mpaka hatua ya sita, na Ummy kampa Zuhura katika hatua ya pili. Alivyokuwa akifoka ungedhani kaibiwa yeye. Mwalimu Sixbert naye alitaka aonyeshwe funzo liko ukurasa wa ngapi. Vicky aliandika, akapiga mwayo, akauliza kama kuna mwingine.

Loh! Mkono wa Bi Ashatu ulinyanyuka wenyewe.

"Mimi nimesoma yote, tena kwa miwani ya kuazima," alisema. "Na nimekasirika. Huyu Zuhura anakufa mara tisa. Tisa! Anaanguka, wenzake wanamruka, wanaokota risasi zake, haooo wanakwenda zao. Hakuna shuka, hakuna ubani, hakuna hata wa kumfumba macho. Huko sayarini hawana wanawake?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Bibi, ndivyo gemu ilivyo," alisema Mikdad. "Ukifa, unaanza tena."

"Unaanza wewe uliyekufa. Aliyebaki na maiti afanye nini, akae anakungoja? Mjukuu wa mwosha, kurasa mia mbili, na hajui maiti anafanywaje! Aibu hii niipeleke wapi mie?"

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Ummy hakucheka. Alisimama.

"Sijui, Bibi, kwa sababu ulinifungia mlango."

"Mlango gani?"

"Siku aliyokufa mama. Ulinipa simu yako, ukaniambia nikae uani nicheze, ukaingia kumwosha, ukafunga. Nikacheza gemu hii hii. Mle mtu akifa, ananyanyuka. Nilicheza akafa mara tisa, mara tisa akanyanyuka, na kila mara nikautazama mlango wako. Halafu mkatoka na jeneza. Hicho ndicho nilichokiona. Ndicho nilichoandika."

Kicheko kilikatika. Bi Ashatu alikuwa amefunga mlango kwa huruma. Alimwosha bintiye wa kumzaa kwa mikono yake, na tangu siku hiyo akanyamaza, kama anavyowanyamazia maiti wote. Haikumpitikia hata siku moja kwamba maiti huyu alikuwa na mtoto anayesubiri kuambiwa. Akalia pale pale mstari wa mbele, makamasi na yote, wala hakujali nani anamwona.

Vicky alifunga daftari lake. "Hivi ilivyo sichapi," alimwambia Ummy. "Niletee sura ya kumi."

Kesho yake, baada ya chai, Bi Ashatu alimwita mjukuu wake kwenye chumba kile kile alichomwoshea bintiye na kufunga mlango, safari hii wote wawili wakiwa ndani. Alimweleza kila kitu: upande wa kulia kwanza, maji ya majani ya mkunazi, nywele misuko mitatu. Wakalia, na wakacheka pia, maana marehemu enzi za uhai wake alikuwa akitekenyeka upesi sana, na siku ile ya kumwosha Bi Ashatu alipofika mbavuni alimwomba radhi.

Katika sura ya kumi Zuhura anakufa na hanyanyuki. Mwanajeshi mmoja mwanamke anaweka bunduki chini, anavua kofia ya chuma na kubandika maji jikoni. Mikdad alisema sasa gemu imeharibiwa kabisa. Mwalimu Sixbert bado analitafuta funzo. Bi Ashatu alisoma polepole mpaka mwisho, akavua miwani.

"Maji umeyachemsha mno," alisema. "Mama yako nilimwosha kwa ya uvuguvugu. Ya moto alikuwa hayapendi."