Houda Aliyekuwa Akisema "Tutakuita"

Kwa miaka kumi na moja Houda alikaa nyuma ya dirisha dogo la kiwanda kimoja cha Zone Industrielle, eneo la viwanda, akipokea barua za watu waliotafuta kazi. Alikuwa mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi, mke wa Massoudi, fundi wa kunyoosha bodi za magari, na alisifiwa kwa mwandiko wake na adabu yake. Hakumfukuza mtu. Alipokea bahasha kwa mikono miwili, akasema, "Tutakuita," kisha akaisoma. Akikuta habari za mguu mbovu, au za kifungo cha jela, au za miaka mingi ya kambi ya wakimbizi Tanzania isiyo na cheti cha Kifaransa, bahasha iliingia kwenye droo ya chini. Bosi wake ndivyo alivyotaka, na Houda hakuwahi kumwuliza kwa nini.

Kisha kiwanda kikapunguza watu, naye akawa miongoni mwao. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Alizunguka na bahasha yake mwenyewe miezi saba, mpaka siku moja, kwenye dirisha linalofanana kabisa na lile lake, msichana mwenye adabu akaipokea kwa mikono miwili na kumwambia kwamba wangemwita. Houda alirudi nyumbani kwa miguu. Mwenyewe husema kwamba njiani hakulia, ila alijaribu kukumbuka jina hata moja la watu wa ile droo, na hakulipata.

Ndipo alipokwenda kwenye shirika dogo lenye chumba kimoja, karibu na msikiti, lililokuwa likiwatafutia kazi watu waliokataliwa kwingine. Aliwaambia, "Mi najua namna wanavyokataa watu. Nilikuwa nakataa mimi." Wakamchukua.

Miaka minne baadaye akaja Kelly. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, kiziwi tangu homa ya uti wa mgongo ilipompata akiwa na miaka saba. Alikuwa amejifunza ushonaji, na aliandika Kifaransa kifupi kilichonyooka. Alikuwa amekataliwa mahali patano. Houda alikuwa akijifunza lugha ya ishara kwa sababu ya watu kama yeye, lakini vidole vyake vilikuwa vizito. Siku ya kwanza alitaka kumwambia Kelly "karibu ukae," na Kelly akacheka mpaka akashika tumbo. Hakumweleza Houda vidole vyake vilikuwa vimesema nini.

Kiwanda kimoja cha sabuni kilihitaji watu wa kufungasha. Mkuu wa ghala, Térence, alimsikiliza Houda mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Apana, mama. Simukatai mutoto wa watu kwa roho mbaya. Mule ndani iko kigari cha kunyanyulia mizigo. Kinapiga honi, mutu anasogea. Yeye atasikia na nini?"

Zamani jibu kama hilo lingemtosha. Safari hii Houda alisema, "Shefu, niruhusu nikae mule siku moja. Sitasema kitu. Nitatazama tu."

Térence aliinua mabega. Kesho yake Houda alikuwa juu ya kreti iliyopinduliwa, karibu na ukuta, tangu saa moja na nusu asubuhi. Mashine ya kukata sabuni ilipowashwa, kelele zilijaa ghalani hata akahisi meno yake yanatetemeka. Kwa saa nzima hakuona la maana. Kisha akaanza kuangalia mikono. Mwanamke aliyetaka maboksi aliinua ngumi. Aliyekosa gundi alisugua kiganja. Aliyetaka kwenda chooni aligusa bega la jirani yake na kuonyesha mlango. Palikuwa kama gereji ya mumewe wakati nyundo zinapigwa, watu wakizungumza kutwa nzima bila kufungua kinywa.

Mchana alimwendea Térence, akamwelekeza kwa kidole mtu mmoja aliyekuwa ng'ambo ya ghala. "Mwite yule."

Térence akaita. Akaita tena. Yule hakugeuka. Térence akainua mkono bila kufikiri, na yule mtu akaja.

"Na honi?" Houda akamwuliza dereva wa kigari, kijana mpole aitwaye Maxime.

Maxime alimtazama kwanza mkuu wake. "Honi hakuna anayeisikia, mama. Mi nangoja mutu aniangalie kwa macho, ndiyo napita. Nikifwata honi nitaua watu."

Térence alikitazama kigari. Kisha akasema, "Miezi mitatu ya kujaribu. Lakini ajali ikitokea, nitakuja kwako."

Ajali haikutokea. Kelly alifungasha vizuri, aliwahi kazini, na miezi mitatu ilipopita akapewa mkataba. Houda aliandika kwenye faili lake, "Amepata kazi," akalifunga. Alilisimulia jambo hilo kila ofisi aliyoingia.

Mwezi wa tano tangu aanze, Kelly akaacha kazi.

Houda alimfuata mpaka chumba cha ushonaji alikohamia, mtaa wa Bwiza, akiwa na hasira. Wanawake watatu walikuwa kwenye vyerehani, wawili kati yao viziwi. Houda hakungoja kukaribishwa. "Umenitia aibu," alimwambia kwa vidole vyake vizito. "Nilikuombea kazi mimi."

Kelly alizima cherehani. Alijibu polepole ili aeleweke. "Kazi ilikuwa sawa. Saa sita watu walikaa kula. Walizungumza, walicheka. Ghalani wana mikono. Kwenye chakula wana midomo tu. Miezi mitano nilikula nikitazama sahani."

Houda alivuta kiti, akaketi. Kelly akaongeza, "Mwingine akiacha kazi, nani anaona aibu?"

Houda alikwenda kwa Térence akiwa amejitayarisha kulaumiwa. Térence alishangaa. "Watu wanaacha kazi kila mwezi, mama. Kelly aliniandikia barua ya kuaga. Wengi hawafanyi hivyo. Niletee mwingine."

Hapo Houda alielewa kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado anamhesabu Kelly kama bahasha. Kwa Térence alikuwa tayari ni mfanyakazi aliyeondoka. Akamwambia kwamba ataleta mtu, kijana kiziwi aitwaye Ilyasi, lakini kwanza angependa nusu saa kila Jumatano kabla ya chakula, awafundishe wafanyakazi ishara chache. Térence alikubali, ila hakumlazimisha mtu. Walikuja sita, Maxime akiwa mmoja wao, na Kelly akaombwa aje kufundisha, kwa kuwa vidole vya Houda vilikuwa bado vinakosea.

Siku hizi Houda hafungi faili siku mtu anapopata kazi. Baada ya mwezi humtembelea huko huko kazini, wakati wa mapumziko, na hamwulizi kwanza habari za mkuu wake wala za mshahara. Humwuliza anakula na nani. Wengine huona ni swali la ajabu. Ilyasi alimwonyesha benchi lenye watu wanne.

Wapo pia ambao hutazama sahani zao wanapoulizwa hivyo, na Houda huketi nao mpaka king'ora cha kurudi kazini.