Pweto au Kalemie: Safari Niliyofanya na Mkwe Wangu

Safari hii ilitokana na baridi ya Likasi. Wanaoujua mji wetu kwa migodi yake husahau kwamba uko juu, na kwamba mwezi wa Juni na Julai asubuhi zake hupenya hadi kwenye mifupa. Kwa wengi wetu baridi hiyo ni usumbufu wa koti na blanketi. Kwa binti yangu Nadège, aliyezaliwa na ugonjwa wa selimundu, ule ambao mitaani kwetu huitwa "SS", ni msimu wa maumivu. Julai ya mwaka jana, miezi michache tu baada ya harusi yake, alilazwa majuma matatu, na katika majuma hayo kuna siku mbili ambazo sitazisimulia. Daktari alipomruhusu kurudi nyumbani alimwambia mumewe waziwazi: watafute mji wa joto, wahamie kabla ya baridi nyingine, na mji huo uwe na mahali pa kumtibia.

Mumewe, Trésor, ni mchomeleaji wa vyuma, na mchomeleaji hapotezi riziki popote penye lango lililolegea. Baada ya mazungumzo mengi yalibaki majina mawili: Pweto, kwenye ziwa Mweru, na Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika. Pweto ni mji mdogo na uko karibu nasi zaidi. Kalemie ni mkubwa, nao uko mbali. Nadège hakuwa na nguvu za kwenda kuiona, na baba yake hakupata ruhusa kazini. Jumapili moja baada ya ibada Nadège alituita sebuleni, mimi na Trésor, akatoa uamuzi wake kwa Kiswahili chetu, ambacho mahali ni "fasi" na ndipo ni "njo".

"Trésor akienda peke yake, ataona kila fasi ni muzuri. Mama akienda peke yake, ataona kila fasi ni mubaya. Muende bote bawili, njo nitayua kweli."

Baba yake alicheka hata akakohoa. Mimi sikucheka, na Trésor alikuwa ameinamisha kichwa. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hutunziana haya. Hawali wakitazamana, hawakai kiti kimoja, na wakiwa na neno la kuambiana humtafuta mtu wa tatu wa kulipitisha, mpaka familia mbili zikutane kwa kuku na maneno ya kuiondoa haya hiyo. Ugonjwa wa Nadège ulikuwa umetuchelewesha. Kuku wetu alikuwa bado hajaliwa. Mimi ni mwalimu wa biolojia, nimesoma chuo, na ningeweza kusema kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Lakini mama yangu aliyatunza, na mkwe wangu aliyatunza kuliko mama yangu.

Tuliondoka Likasi alfajiri, katikati ya Mei, barabara za kaskazini zilipokuwa zimeanza kukauka. Papa Kasongo, dereva tunayesali naye, alikuwa akipeleka vitenge na sabuni Pweto na Kalemie, naye alikubali kutubeba kwenye gari lake la jipu. Haya ndiyo iliyotupangia viti: mimi mbele kando ya dereva, Trésor nyuma juu ya mabunda. Kabla hatujafika Lubumbashi Papa Kasongo alikwisha kuelewa kwamba ameajiriwa kazi mbili.

"Papa Kasongo, umuulize mukwe kama amekunywa chai."

"Trésor, Mama Prof anauliza kama ulikunywa chai."

"Umuambie mama, ndiyo, aksanti."

"Mama Prof, amesema ndiyo. Lakini munasikilizana, hapana?"

Mchana wa siku ya pili tulisimama Kasomeno kula. Mimi niliketi ndani na sahani ya bukari, ugali wetu, na samaki. Trésor alichukua yake akaenda nyuma ya jipu. Mwanamke aliyetupikia alimtazama kwa muda, kisha akanijia.

"Mama, ule kijana mulimufanya nini? Anakula na bakuku inje."

"Ni mukwe wangu."

"Ah. Basi nitamupelekea nyama ingine. Mukwe mwenye kutii hivi, bantu bataiba."

Tuliingia Pweto jioni ya siku ya tatu, na jambo la kwanza lililonipokea lilikuwa hewa. Ilikuwa na joto la mkono wa mtu. Mji umekaa kando ya maji, pale mto Luvua unapotoka ziwani, na nyumba zake za matofali zilikuwa bado zinatoa joto la mchana giza lilipoingia. Tulipokewa na Mama Béatrice, dada wa mwalimu mwenzangu, mjane anayeuza vitenge. Alinipa chumba chake mwenyewe, akamlaza Trésor kwa jirani bila kuuliza sababu, na asubuhi akatuzungusha mtaa mzima kama watu wa ukoo wake. Alikwisha kupata nyumba ya vyumba viwili kwa ajili ya vijana wetu, na mama mmoja wa kanisani wa kumsaidia Nadège kuteka maji. Moyo wangu ulijaa shukrani, na katika shukrani hiyo nilianza kupanga mambo: siku tatu za barabara, ningeweza kuja kila likizo, hata kila akinipigia simu.

Siku iliyofuata tulikwenda kwenye zahanati ya mtaa. Muuguzi alikuwa mpole na mkweli. Maumivu madogo wanaweza kuyatuliza, alisema. Akihitaji kuongezewa damu, hawana pa kuitunza. Itabidi mgonjwa asafirishwe. Trésor alikuwa amesimama mlangoni, nyuma yangu. Nilimshukuru muuguzi, nikauliza saa za kufungua, nikatoka.

Njiani Papa Kasongo aliuliza, "Mama Prof, sasa Pweto umeiona namna gani?"

"Sijaona kasoro," nilijibu.

Huko nyuma, Trésor alikuwa akikaza kamba za mabunda.

Toka Pweto kwenda Kalemie barabara hupanda uwanda wa juu wa Pepa. Hapo ndipo nilipojuta kwamba sikuisoma ramani kwa macho ya mzazi. Saa chache baada ya kuliacha lile joto tulijikuta kwenye nyika za majani mafupi, ng'ombe wamesimama ndani ya ukungu, na upepo unaoingia kwa kila tundu la jipu. Tulilala kijijini. Asubuhi, mwendo mfupi tu baada ya kuondoka, gurudumu lilipasuka, na la akiba nalo lilikuwa limekwisha pumzi. Papa Kasongo alisimamisha pikipiki, akapakia gurudumu, akatuambia kwamba atarudi likishazibwa. Alikwisha kupanda alipogeuka.

"Sasa mutaongea na nani?" akasema, akaondoka akicheka.

Nilikaa ndani ya jipu nikitetemeka. Kila mtu anayetaka kutoka Kalemie kuja Likasi kwa barabara hii, niliwaza, lazima apite hapa. Nadège akienda kule, hatarudi kutuona kwa njia hii. Na mimi si kijana. Nitaipanda mara ngapi?

Trésor alikuwa akitembea huku na huku ili apate joto. Baada ya muda alivua koti lake, akaliweka juu ya boneti, akarudi nyuma hatua kama kumi, akageukia ng'ombe. Nilishuka nikalichukua. Hapo ndipo aliposema, akiwa amenipa mgongo.

"Mama, unisamehe. Papa Kasongo hayuko, sina muntu wa kutuma."

Nililivaa lile koti.

"Kule Pweto, infirmier alisema mambo ya damu. Mama hakuuliza tena. Mama mwenye kuuliza ata bei ya chumvi."

Nilihisi uso wangu ukipata moto katika baridi ile yote. Katika miaka yangu ya ualimu nimewakemea wanafunzi wengi kwa kuruka swali gumu.

"Na weye, ulisema nini?" nilimuuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha moja kwa moja.

"Minye nilinyamaza vilevile. Pweto iko karibu na mama. Nadège akishikwa, minye siyuwe kitu. Mwaka jana, ile siku, minye nilikuwa nashikilia mulango tu. Mama njo alifanya yote." Akaikunja mikono kwa baridi. "Nasema kila fasi ni muzuri juu ya kuogopa, mama. Si juu ya kukosa kuona."

Nilikuwa nikimtazama kijana yule mgongoni, shati lake likipeperuka, na nikaona kwamba hajawahi kufundishwa. Kila maumivu yalipokuja, mimi niliingia chumbani na kufunga mlango. Nilidhani namhurumia. Ukweli ni kwamba kwa miaka yote ya uhai wa Nadège nilikuwa nimeushikilia ujuzi huo kama mali yangu, na hata baada ya kumwoza sikuutoa.

Basi nikaanza kumweleza, hapo barabarani, mimi nimeegemea jipu na yeye amewatazama ng'ombe. Kwamba Nadège hasemi anapoumwa. Hunyamaza na kuvikunja kwanza vidole vya mkono wa kushoto. Kwamba anywe maji mengi kabla ya kiu. Kwamba dawa ya maumivu aliyoandikiwa apewe mapema, si baada ya kuona kama itapita. Kwamba aangalie macho ya mkewe mchana, kwenye mwanga, aone kama weupe umegeuka manjano au kama kope zimepauka kwa ndani. Kwamba akipata homa, au akishikwa kifuani, asikae nyumbani hata saa moja.

"Na usingoje pasta afike," nilimwambia. "Muombe mukiwa mu njia."

Alicheka, na mimi nikacheka. Kisha akaanza kuuliza, swali baada ya swali. Nimefundisha wengi, na sijapata mwanafunzi wa namna ile. Papa Kasongo aliporudi alitukuta kila mtu mahali pake, kimya.

"Umuulize mama kama yuko tayari," alisema Trésor.

"Umuambie niko tayari," nikajibu.

Papa Kasongo alitutazama kwa zamu, akatikisa kichwa, akafunga gurudumu.

Tulishuka Kalemie siku ya pili yake, na kila kona ya mteremko ilituvua nguo moja. Mji umetawanyika kati ya vilima na ziwa, una bandari na reli, na lori zake hazijui kupumzika. Tulifikia kwa Furaha, muuguzi, binamu wa mke wa Papa Kasongo. Alituandalia ugali na samaki wa ziwani kwenye meza moja ndogo, na Trésor, akiwa hana pa kwenda, alikigeuza kiti chake akala akiutazama ukuta.

"Shemeji," Furaha alimwambia, "kwani huko ukutani kuna televisheni?"

Alipoelezwa aliomba radhi, akamwachia meza, akanichukua mimi tukamalizie chakula barazani. Kesho yake alitupeleka hospitali anakofanya kazi. Nilikuwa na maswali yangu kwenye daftari, lakini sikupata nafasi ya kuyauliza.

"Siku ya Jumapili," Trésor alimwambia, "nani iko na ufunguo ya frigo ya damu?"

"Mimi. Na nisipokuwepo, mwenzangu. Anakaa pale karibu na lango."

"Kama amelala?"

"Tunamwamsha."

"Kama haamuke?"

"Kaka, wewe unamtafutia mkeo mji au unamtafutia mwenzangu kesi?" Lakini alimpeleka akamwonyesha mwenzake huyo, na Trésor akampa mkono, akaandika namba yake. Furaha hakutuficha mengine: vilima vitamchosha Nadège, maji ya bomba hukatika, na kupata nyumba ya tambarare itachukua siku. Trésor aliandika hayo pia.

Katika kurudi tulilala tena Pweto. Mama Béatrice alinisoma usoni kabla sijashuka garini.

"Hamukutuchagua."

Nikamweleza juu ya damu. Aliinama, akafikiri, akasema, "Ni kweli. Hata minye ningeenda kule." Asubuhi alinikabidhi furushi la samaki wakavu la kumpelekea binti ambaye sasa hangeuchagua mji wake. Sijui nitamlipaje mwanamke yule.

Nyumbani, Nadège alituketisha sebuleni kama alivyotutuma. Trésor alisoma kasoro zote za Kalemie, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja. Ilipofika zamu yangu nilizisifu hewa za miji yote miwili na watu wake. Kisha nikakiri kwamba Pweto nilificha jambo, na kwa nini. Nadège hakunikemea. Aliuliza tu kama barabara ya Pepa ni ya baridi sana. Nikamwambia ndiyo, na kwamba hataweza kuipita. Alilia kidogo, akanishika mkono, akasema, "Basi utakuja weye." Wiki hiyo hiyo familia mbili zilikutana, kuku akaliwa, na mwanzoni mwa Juni wakaondoka kwa ndege, kwa nauli ambayo tusingeweza kuilipa mara mbili.

Sasa ni Julai. Jumanne, nikiwa nimevaa makoti mawili kwenye uwanja wa shule, Nadège alinipigia simu. Jumamosi alishikwa, alisema. Usiku ule ule Trésor alimpeleka hospitali kwa Furaha, akaongezewa damu, Jumatatu wakarudi nyumbani. Alikuwa akinieleza huku akikoroga uji. Nilitaka kuuliza kwa nini hawakuniambia siku ile ile, na neno lilikwisha kufika ulimini. Nililizuia, nikaomba nimsemeshe mkwe wangu.

"Uliona nini kwanza?" nilimuuliza.

"Vidole, mama," akasema. "Bya mukono wa kushoto."

Nilimshukuru. Kengele ilikuwa imekwisha kulia, nami nikaingia darasani nikiwa nimechelewa.