Wafalme wa Basi la Erdington

Nyinyi mlioko Machakos huniuliza kila mara nimeona nini huku zaidi ya baridi. Safari ninayowasimulia leo ilikuwa fupi, basi moja la kwenda na moja la kurudi, lakini imenikaa moyoni kuliko ile ya ndege iliyonileta.

Kazi yangu hapa Birmingham ni kuwatunza wazee majumbani mwao. Mmoja wao ni Mhindi wa Kisumu ninayemwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha historia huko kabla ya kuhamia huku na kuwa dereva wa basi. Jicho lake moja lilikufa zamani. La pili lilikuwa limebaki kuona vivuli tu, na daktari alitaka kulipasua Jumanne. Huenda lingepona, huenda lingezimika kabisa. Mwalimu alikataa. Binti yake aliye Kanada alimpigia simu akilia, mzee akamkatia. Kisha akaniambia, "Mwende, nipeleke town nikaone ile sanamu ya Buddha. Nikitoka huko ndiyo nitasema kama naenda hiyo operation ama siendi."

Erdington, Alhamisi asubuhi. Tulipanda basi kwenye barabara ya maduka, katika mvua ya huku isiyojua kukoma. Nilitaka kumwambia tumefika wapi, akanizuia. Aliendesha njia hiyo miaka mingi, na kwa kuogopa kusahau historia yake, kila kituo alikipa jina la mfalme wa India. Tulipopandia palikuwa pa Chandragupta, mwanzilishi wa dola ya Maurya. Basi lilipokata kona, kabla hata ya kengele kulia, akasema, "Hapa ni Ashoka. Alipiga nchi ya Kalinga vita, akaona vile watu wamekufa, akajuta. Na hakuficha. Alichonga majuto yake kwenye mawe watu wasome."

"Mfalme mzima akajianika hivyo?"

"Akajianika. Halafu akachimba visima, akatibu watu na wanyama, akapanda miti barabarani. Ndiyo maana nikampa hii stop. Iko na miti."

Nikatazama dirishani. Miti ilikuwapo kweli, na mimi hupita pale kila siku.

Tulipofika Aston nilikuwa nimeshapotea kati ya majina. Samudragupta alinikaa kichwani kwa sababu kwenye baadhi ya sarafu zake, pamoja na vita vyake vyote, alichorwa ameketi akipiga ala ya nyuzi. Dereva akafunga breki ghafla tukayumba. "Huyu kijana atamkanyaga Kanishka," Mwalimu akanung'unika, akimaanisha mfalme wa kituo kile, na mama mmoja wa Kikongo aliyekaa mbele yetu akageuka kututazama.

Makumbusho, katikati ya mji. Hapa nikasita. Kanisani kwetu tumefundishwa kukaa mbali na sanamu za dini nyingine, na ile ilikuwa mbele yetu, ya shaba, ndefu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilimfikisha Mwalimu mbele yake, mimi nikageukia ukuta. Mhudumu wa chumba alimletea kiti, akauliza kama tunahitaji wa kutueleza. "Niko na wangu," Mwalimu akamjibu kwa Kiingereza. Kisha akanigeukia. "Mwende, mimi naona giza tu. Sikuambii uombe. Nakuambia unitazamie."

Nikageuka.

"Macho iko aje?"

"Yamefumbwa nusu, kama mtu anayesikiliza."

"Na nguo?"

"Nyepesi. Imeshika mwili kama iliyolowa. Sijui shaba waliifanyaje ikawa nyepesi hivi."

Alifurahi mpaka akapiga goti lake. Akanieleza kwamba mafundi wa enzi za Gupta, ukoo wa yule Samudragupta, waliumba umbo kwa nta juu ya udongo, wakalifunika kwa udongo mwingine, wakayeyusha nta na kumimina shaba mahali pake. Enzi hizohizo wataalamu wao walikuwa wakipima mwendo wa nyota, na kutoka kwao tumepata namna hii yetu ya kuandika namba. Sanamu ililala ardhini karne nyingi mpaka wajenzi wa reli walipoifukua, na tajiri mmoja wa vyuma akailetesha Birmingham.

"Reli ilimfukua huyu," akasema, "na reli ingine ikampeleka babu yangu Kisumu. Sisi wote tumeishia hapa."

Halafu sauti yake ikashuka. "Mkono wa kulia?"

Nikasogea karibu. "Umeinuliwa hadi begani. Kiganja kinatuelekea sisi."

"Uko sure?"

"Niko sure, Mwalimu."

"Hiyo ni kusema usiogope. Nilipokuwa mgeni hapa, bila rafiki, nilikuwa nakuja kuuangalia wakati wa lunch. Nilitaka kujua kama bado uko."

Sikusali pale, na hamu ya kusali sikuwa nayo. Niliona aibu tu kwamba kidogo ningeukosa mkono ule kwa kutazama ukuta.

Wakati wa kurudi ilikuwa zamu ya Wamughali, wafalme Waislamu wa India. "Akbar hakujua kusoma," Mwalimu akasema, "lakini alikuwa na maktaba kubwa. Alikuwa anasomewa. Hiyo dola yote aliendesha na macho ya wengine." Jahangir akapita, na Shah Jahan mwenye Taj Mahal akapita bila kutajwa. Karibu na miti ya Ashoka akauliza, "Jumanne utanipeleka?"

"Nitakupeleka."

Hospitali, Jumanne. Mnaniuliza nimejifunza nini huku. Nimejifunza kumtazamia mtu, na nimegundua ni vingi mno nilivyokuwa nikivipita. Walipokuja kumchukua nilikuwa nimeshika kiti chake cha magurudumu, na nadhani alijua kwamba ninaogopa. Wakakisukuma, mimi nikabaki kando ya kitanda. Mlangoni akawaomba wasimame. Akainua mkono wa kulia hadi begani, kiganja nje, akauelekeza ukutani akidhani nimesimama pale. Nikavuka chumba, nikaenda kusimama pale.