Maji ya Samaki kwenye Dari ya Jirani

Tangi la samaki lilipopasuka, jambo la kwanza nililofanya ni kuzima umeme wa nyumba yangu. Nalitaja mwanzoni kwa sababu wapangaji wenzangu hapa mtaani Tassia wakisimulia kisa hiki hunitetea. Husema mzee alichanganyikiwa, na umri nao. Sikuchanganyikiwa. Aliyechanganyikiwa hakumbuki swichi.

Tunaishi ghorofa ya tatu, mimi na mke wangu, sote wazaliwa wa kando ya ziwa. Nilipostaafu ukarani na watoto wakaenda zao, nilianza kufuga samaki wa rangi sebuleni. Fundi wa vioo aliniundia tangi lenye urefu wa karibu mita moja, nikaliweka juu ya benchi refu la mbao kando ya ukuta. Alinipa masharti mawili. Chini ya tangi nilaze kipande cha ile sponji nyeupe ngumu inayokuja na televisheni mpya, na juu ya benchi hilo nisiweke kitu kingine chochote.

"Kioo hakipendi kukunjwa, mzee," aliniambia. "Mbao ikipinda kidogo tu, chenyewe kinakatika."

Sharti la kwanza nililishika. La pili nililishika mpaka maji yalipoadimika.

Mfereji wetu hutoka Jumatano na Jumamosi, na mwezi ule Jumatano mbili zilipita ukiwa mkavu. Alhamisi moja mke wangu alikuwa akipangusa vumbi, akainama kwenye pembe ya chini ya tangi.

"Baba watoto, huu ni ufa."

"Ni mkwaruzo."

"Mkwaruzo unatoa jasho?"

Nilipitisha kidole, kikarudi na unyevu.

"Toa hayo maji leo," alisema.

"Niyatoe niyaweke wapi? Mfereji ni Jumamosi. Samaki wakae kwenye mate?"

"Wakae kwenye beseni langu la kufulia. Mimi nitafulia hayo mate."

Nilicheka, nikaenda dukani kununua gundi ya silikoni ya madirisha, nikaipaka juu ya ufa kwa nje, tangi likiwa limejaa. Hata mtoto anayeziba mtungi kwa sabuni huona kwamba maji husukuma kutoka ndani. Nilijiambia itashika siku mbili. Ukweli ni kwamba sikutaka kuonekana nimeshindwa na kitu nilichokuwa nikijivunia mbele ya kila mgeni.

Chini yetu alikaa mama mmoja wa Ukambani, mjane wa rika langu, pamoja na mke wa mwanawe. Mimi na huyo mama tulikuwa na ugomvi wa siku nyingi. Nguo zetu zikichuruzika juu ya zake, alipanda kiti akagonga dari kwa mpini wa ufagio, ngo, ngo, ngo. Mimi nilimjibu kwa kisigino. Tukikutana ngazini alinisimamisha.

"Mzee wa juu, leo mnafua meli?"

"Leo meli, mama. Kesho gari la moshi."

"Nyinyi watu wa ziwa, hata ghorofani lazima mje nalo!"

"Na nyinyi mmezoea ukame. Tone moja, mnaita mafuriko."

Tulicheka wote, lakini kila mmoja aliondoka na kinyongo kidogo.

Siku zile mkaza mwana wake alikuwa ametoka kujifungua. Mke wangu alishuka kumwona mtoto, akarudi na habari kwamba kitanda cha mzazi kimehamishiwa sebuleni, katikati, chini ya taa, kwa sababu chumba cha kulala kina ubaridi. Kwa hiyo nilijua pia kilipokuwa kitanda.

Jumamosi maji yalikuja asubuhi. Mke wangu alikuwa ameenda sokoni. Maji ya mfereji yana dawa inayoua samaki, lazima yakae wazi siku nzima kabla ya kuyamimina, basi nilitenga mitungi miwili ya lita ishirini kwa kazi hiyo. Lakini jikoni, bafuni na kwenye korido palikuwa pamejaa mitungi tayari. Hapakuwa na pa kukanyaga. Nikainua ile miwili nikaiweka kwenye ncha ya benchi, kando ya tangi. Mbao ililia. Niliipigapiga kwa kiganja kama mtu anayetuliza ng'ombe.

Nilikuwa jikoni nikikoroga uji niliposikia ta!, kama mtu aliyevunja kuni kwenye goti. Nilipofika mlangoni, kioo cha mbele kilikuwa kimefunguka kutoka pembeni, na maji yalikuwa yakishuka yote kwa pamoja. Yalifagia kapeti, yakapita chini ya makochi. Yalikuja na mawe madogo, na samaki wakirukaruka sakafuni. Waya wa pampu ya samaki ulikuwa umelala kwenye maji.

Nikarudi nyuma, nikavaa ndara, nikazima swichi kubwa iliyo mlangoni. Nikavuta pumzi. Na hapo, mkono wangu ungali kwenye swichi, nikakumbuka kitanda. Sikusahau hata kidogo. Niliona kitanda, taa na mtoto. Halafu nikasikia ile sauti ya ndani inayotupenda kuliko inavyotufaa: slabu ya zege ni nene, kausha haraka, huyo mama hatajua. Nikishuka sasa atasema nini? Mzee wa ziwa ameleta ziwa.

Nikachukua beseni, nikaanza kuokota samaki.

Walikuwa kumi. Mwenye mapezi meupe, ambaye nilimpenda kuliko wote, alikuwa ameteleza hadi nyuma ya kochi, nikalala kifudifudi kwenye maji kumfikia. Nikiwa hapo chini nikasikia ufagio. Ngo, ngo, ngo. Ukanyamaza, ukarudi kwa kasi, bila mpangilio. Ulikuwa ukinigonga kifuani, maana nilikuwa nimelala juu ya sakafu hiyohiyo. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Ngoja, mama, ngoja." Nikamfikia samaki. Nikachukua tambara nikaanza kukamua maji kwenye ndoo.

Kisha ufagio ukanyamaza, na yule mama akapiga yowe.

Sijui nilishukaje zile ngazi. Mlango ulikuwa wazi. Maji yalikuwa yamefuata bomba la waya ndani ya slabu, yakatokea kwenye shimo la taa, na yalikuwa yakimwagika kitandani kama chai kutoka kwenye birika. Nyumba zetu zimebanana, hazina mwanga, kwa hiyo taa huwaka mchana kutwa. Yule msichana alikuwa amemnyakua mtoto akampa mama mkwe, kisha akanyoosha mkono uliolowa kuizima. Nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, macho yamemtoka, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine. Juu yake swichi ilikuwa ikifuka moshi.

"Msimguse!" nilipiga kelele, kana kwamba nilikuwa mwenye hekima hapo. Nikazima swichi yao kubwa.

Mtoto alikuwa akilia kwa nguvu. Sijawahi kushukuru kilio kama kile.

"Unanisikia?" nilimuuliza msichana.

"Nasikia," alisema polepole. "Lakini mkono sisikii."

Bibi wa mtoto alinigeukia, mjukuu kifuani. Hakuwa na utani.

"Nimegonga mpaka mpini umevunjika. Ulikuwa unajua?"

"Tangi limepasuka sasa hivi tu, mama. Nilipoona nikakimbia."

Nilisema hivyo na maji ya tambara yakichuruzika kutoka kwenye mikono ya shati langu.

Tulimpeleka kliniki. Daktari alisema moyo uko sawa na mkono utarudi, ila kwa wiki kadhaa asibebe kitu kizito. Mtoto naye ni mzito. Kila alfajiri nilimsikia akilia kule chini, na sauti ya bibi ikipanda: "Naja, naja, usimwinue!" Majirani waliwapelekea uji, nasi tukapeleka. Yule mama alinishukuru ngazini kwa kuzima umeme. Alinishukuru! Mke wangu alikuwa nami. Tulipofika juu alifunga mlango, akaketi.

"Sakafu ulikuwa umeshaikausha nusu nilipofika," alisema. "Mtu hakaushi sakafu baada ya kukimbia."

Niliinama kuvua viatu.

"Mimi sitasema. Lakini sitakula nawe mezani mpaka useme."

Nilikula peke yangu siku nne. Siku ya tano nilishuka. Nilitaka kuzungumza na bibi, maana naye tungegombana kama tulivyozoea, lakini aliyefungua ni msichana mwenyewe, mkono ukiwa kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni. Nikasema yote mlangoni nikiwa nimesimama. Nikasema juu ya ufa wa Alhamisi, silikoni na mitungi kwenye benchi. Nikasema nilizima umeme wangu, nikakumbuka kitanda chake, nikaokota samaki.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Muda gani, mzee?"

"Kama dakika kumi."

"Na mathe akigonga ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

Alitazama ndani, alikolala mtoto, kisha akanitazama tena.

"Samaki walipona?"

"Tisa."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu kitu ambacho hakitakuja kulingana.

"Asante kwa kusema," alisema. "Sasa panda juu. Usinitake nikwambie ni sawa."

Sikumtaka aseme. Mkono ulipona, mtoto sasa anatembea, na bibi alirudi kunitania baada ya miezi mingi, ingawa ufagio hajaugusa tena. Lakini msichana akinikuta ngazini hunisalimu vizuri, "Shikamoo, mzee," kisha humhamishia mtoto upande wa ukuta, yeye akabaki katikati yetu mpaka nipite. Nami hupita haraka ili asilazimike kumshika mtoto hivyo kwa muda mrefu.