Rangi Mbichi Ukumbini

Nilipomaliza chuo nilikuwa na shahada ya usanifu majengo, pamoja na imani kwamba kila jengo ni ahadi ambayo watu wamewekeana. Kazi ya kuchora sikuipata. Niliyoipata ni ya kubeba taa. Mwajiri wangu alikuwa mwanamke wa makamo aliyepiga picha za majengo na vyumba vya ndani kwa ajili ya hoteli, benki na wenye nyumba za kupangisha. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja cha ghorofani huko Posta, chenye dirisha lililotazama ukuta. Aliniita Profesa, na jina hilo halikuwa sifa.

Tulihitilafiana katika jambo moja tu, lakini hatukulimaliza. Yeye akishapiga picha hukaa kwenye kompyuta akafuta nyaya za umeme, michirizi ya unyevu darini, na safari moja alifuta ghorofa zima la jirani kwa kuwa mteja hakulipenda. Mimi nilishikilia kwamba picha ya jengo ni ushahidi.

"Ushahidi upeleke mahakamani, Profesa," alinijibu. "Sisi tunapangisha vyumba."

Hata hivyo alikuwa na desturi moja niliyoiheshimu. Hakupiga picha ya nyumba siku ya kwanza kuiona. Kwanza tulikwenda bila kamera, tukakaa, tukatazama mwanga unaingilia wapi na unatokea wapi. Desturi hiyo aliiita kuamkia nyumba.

Hivyo ndivyo tulivyofika katika nyumba ile ya Kariakoo. Kijana mmoja, muuza vitenge wa jumla, alituona tukipiga picha za ghorofa jipya mtaani kwao. Alituomba tukaipige nyumba ya wazazi wake kabla haijabomolewa. Ilikuwa nyumba ya chini ya zamani: kibaraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, na uani nyuma. Pande zote ilikuwa imekwishazungukwa na maghorofa, na jua liliifikia kwa zamu. Watoto walikuwa wameelewana na mjenzi aweke ghorofa lenye maduka mahali pake. Mama yao, mjane aliyekuja mjini kutoka Lindi akiwa bibi arusi, angepewa makazi juu ya maduka. Hakupinga. Aliomba kitu kimoja tu, picha ya ukumbi.

Siku ya kuamkia nyumba kijana alikuwa dukani, kwa hiyo tulipokewa na mama peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, viatu acheni tu, sakafu yenyewe inavunjwa."

Alitupeleka moja kwa moja ukumbini, kwenye benchi la mbao lililoegemea ukuta. Juu ya benchi, kimo cha kichwa cha mtu mrefu aliyekaa, palikuwa na doa jeusi la mviringo. Mumewe alikuwa fundi cherehani. Kila jioni, akishafunika mashine yake pale kibarazani, aliketi hapo na redio, akaegemeza kichwa ukutani, akaisikiliza timu yake ya Jangwani ikishinda au ikimtia uchungu. Mafuta ya nywele zake yalikuwa yameingia katika chokaa mwaka baada ya mwaka.

"Vitanda nitahama navyo, makabati nitahama nayo," mama alisema. "Hili sihami nalo. Basi nipigieni hili."

Mwajiri wangu aliusoma ukumbi. Mwanga ulitoka uani, ukaingia kwa mlango wa nyuma na kuupapasa ukuta kwa ubavu. Alisema taa zetu hazingehitajika. Mimi nilipiga picha moja kwa simu ili tukumbuke benchi limekaa wapi, tukaaga.

Tuliporudi na kamera, harufu ilitupokea kibarazani. Kijana alisimama mlangoni akiwa na kaptura yenye matone ya rangi na uso wa mtu aliyekesha kwa jambo jema.

"Karibuni, karibuni! Dada, leo mtafurahi."

Ukumbi mzima ulikuwa wa rangi ya maziwa. Ulipakwa kwa mkono mzito, rangi ya mafuta, kuanzia mlango wa mbele hadi wa uani. Benchi lilikuwa limerudishwa mahali pake na kutandikwa kitambaa cha kufuma. Doa halikuwepo.

Mwajiri wangu alisogea hadi kwenye benchi. Aligusa ukuta kwa mgongo wa kidole, na kidole kikanata.

"Nimepaka jana baada ya kufunga duka, na shemeji," kijana alieleza. "Bi mkubwa amelala Ilala kwa dada yake, kuna hitima. Nikasema akirudi akute mambo safi. Mpiga picha wa kuajiriwa anakuja nyumbani, halafu akute ukuta una masizi? Mkatusema huko Posta, watu wa Kariakoo wachafu!"

Sikuweza kumlaumu. Mjini kwetu mgeni wa heshima hutanguliwa na brashi. Hupakwa nyumba kwa ajili ya Idi, kwa ajili ya Krismasi, kwa ajili ya wakwe wanaokuja kuposa. Mama alimwambia kwamba anataka picha ya ukumbi. Hakumwambia ni sehemu gani ya ukumbi, na yeye hakuwahi kufikiri kwamba uchafu unaweza kuwa ndiyo sehemu yenyewe.

Mwajiri wangu alipomweleza, alikaa chini sakafuni.

"Lile doa la mzee?"

"Lile."

"Ee Mungu wangu. Mama ataniua."

Mwajiri wangu alinivuta uani. Alisema kwamba ninayo picha ya simu. Angepiga ukuta mpya, kisha angelipachika doa pale pale, kwa kimo kile kile, na hakuna binadamu ambaye angetambua.

"Mama atatambua," nilisema. "Ukuta ataukuta mweupe, picha aione ina doa."

"Nyumba inabomolewa, Profesa. Kitakachobaki ni picha."

Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo sababu haifai. Kama kitakachobaki ni picha, basi isiwe ya uongo. Alinitazama bila hasira. "Basi tumuulize mwenyewe," alisema.

Mama alifika na mfuko wa vyakula vya hitima mkononi. Alisimama kizingitini, akavuta pumzi, akatazama ukuta kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwanawe alianza kuomba radhi kabla hajaulizwa.

"Nani kakutuma?"

"Nilitaka ukumbi upendeze, mama."

"Umependeza. Kama wodi."

Mwajiri wangu alimweleza alichoweza kukifanya, kwa maneno mepesi, bila kumbembeleza. Mama aliomba aone picha ya simu. Nilimpa. Aliishika mbali na macho, akaileta karibu, akanirudishia.

"Hapa limekuwa uchafu tu," alisema.

Nilitazama tena. Ni kweli, kwenye kioo kile lilikuwa baka la masizi juu ya benchi kuukuu. Picha yangu haikuwa na uongo hata chembe, na haikuwa na mumewe. Hilo sikulisoma chuoni na bado sijui niliweke wapi.

"Hamna doa la kupachika, wanangu," mama alisema. "Mkilibandika litakuwa lenu."

Alikuwa amechoka na shughuli za hitima. Alikaa kwenye benchi, upande wa mumewe, jambo ambalo baadaye alituambia hakuwahi kulifanya katika miaka yote ya ndoa. Kisha, kama afanyavyo kila aliyechoka, akaegemeza kichwa.

"Mama, rangi mbichi!"

Mwanawe alichelewa kumwonya. Mama alijinasua, na kanga aliyojitanda kichwani ilitoka ukutani kwa sauti ndogo ya kubanduka. Nyuma yake ilikuwa na duara la rangi ya maziwa. Ukutani palibaki alama ya mviringo, na ndani yake nyuzi za kanga zilionekana moja moja, kwa kuwa mwanga wa uani ulikuwa ukipita kwa ubavu. Ilikuwa chini ya mahali pa doa la zamani kwa kadiri ya kiganja.

Kijana alikwisha kuokota brashi. "Mkono mmoja tu, dada, narekebisha, halafu mnapiga."

"Weka chini hiyo brashi kabla sijakupaka wewe," mama alisema.

Aliitazama alama kwa muda. Aliweka kiganja juu yake, hewani, bila kugusa, akapima hadi palipokuwa kichwa cha mumewe.

"Yeye alikuwa mrefu," alisema. Kisha akamgeukia mwajiri wangu. "Pigeni hapo. Kitambaa kiondoeni, yeye hakukalia vitambaa."

Tulifanya kazi kwa utaratibu wetu wa siku zote. Niliweka pimamaji juu ya kamera hadi mistari yote ya wima ikasimama wima. Nilifungua mlango wa uani hadi mwisho. Mwajiri wangu alisubiri jua lipande juu ya ghorofa la jirani, akapiga, akasogea, akapiga tena. Mama alikaa kibarazani akigawa maandazi ya hitima, na wa kwanza kupewa alikuwa mwanawe.

Jioni, Posta, picha ilifunguliwa kwenye kompyuta. Uzi mmoja mwekundu wa kanga ulikuwa umenasa katika rangi, ukining'inia chini ya alama. Mkono wa mwajiri wangu ulienda wenyewe kwenye kifutio, ukasimama hapo.

"Uzi huu, Profesa?"

"Ni wake."

Aliihifadhi picha ilivyo na kufungua za hoteli.