Mifumo Miwili, Wachapaji Wawili
Miaka ile ya soko huria nilikuwa mchapaji katika duka la steshenari, Kariakoo. Bosi wangu, mzee Mhindi aliyeishi Upanga, alimwita fundi aongeze mfumo endeshi wa pili, yaani programu kuu inayoiendesha mashine, kwenye kompyuta yetu pekee, ule wa zamani ukibaki palepale. Kesho yake akaajiri mchapaji mwingine, dada kutoka Masasi.

"Mifumo miwili, wachapaji wawili," alitangaza.

Nilihofia kibarua changu, sikumweleza kwamba kompyuta huendesha mfumo mmoja tu kwa wakati mmoja. Nikimaliza kumhudumia mteja, tulizima kompyuta, tukaiwasha upya, dada akachagua mfumo wake. Foleni ikafika barabarani.

"Umeona biashara ilivyochangamka?" bosi akaniuliza.

"Bosi, tunagombania kiti," dada akalalamika.

Bosi akafikiri sana. Jioni akatuletea kiti cha pili.